Tundu Lisilokuwepo

"Afande, kuna mtu ameingia akafuta maandishi yangu," binti wa marehemu alisema, hata mlango wa maabara haujafunguka vizuri. "Njoo nikuonyeshe."

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, afande. Nisamehe. Siku hizi silali."

"Marahaba. Kulala utalala. Haya, nionyeshe."

Kituoni walimwita Inspekta huyu Sumaku, kwa vile jambo likishamgusa halibanduki mpaka aone mwisho wake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye goti bovu na daftari la kurasa mia, na kuhusu kamba alijua kuwala tu. Kesi yenyewe haikuwa ya damu. Mzee mmoja aliyetunza bwawa la kamba wa kufugwa alikufa kando ya lango la maji. Daktari alisema ni moyo, na Inspekta hakuwa na sababu ya kubishana na daktari. Ila binti yake alikuja kituoni kulalamika kwamba baba yake alisingiziwa mtandaoni kuwa ndiye aliyeingiza ugonjwa shambani, na kwamba wenzake kumi na mmoja hawakutia mguu mazikoni. Wakubwa walitaka kulitupa jalada. Inspekta aliposikia hilo la mazikoni alilibeba mwenyewe.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, jokofu lililokuwa likikoroma, na harufu ya spiriti iliyokaa mpaka kwenye mapazia. Binti alikuwa na miezi kumi na mmoja kazini. Alivuta kiti, akafungua kompyuta, na ramani ikajaa kioo kizima.

"Hii ndiyo hifadhidata ya magonjwa ya kamba," alisema. "Maabara zote zinazopima zinaweka majibu humu, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kusoma. Watafiti wakitaka kujua kirusi fulani kilianzia wapi na kimehamia wapi, wanaanzia hapa. Na idara ya mifugo nayo inaangalia hapa hapa."

"Na hiki kitone chekundu?"

"Hicho ndicho kilichomuua baba."

Alikibonyeza. Ukafunguka ukurasa mfupi. Ugonjwa: madoa meupe. Bwawa: 1. Mpimaji: 29. Chini yake palikuwa na kisanduku kilichoandikwa Maelezo, nacho kilikuwa kitupu.

"Ishirini na tisa ni nani?"

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyepima, sikatai. Lakini kipimo hakikuwa cha bwawa la baba peke yake. Dawa za kupimia ni adimu, afande, kwa hiyo hatupimi bwawa mojamoja. Tunachukua vipande vya miguu ya kamba wa mabwawa manne, tunasaga pamoja, tunapima mara moja. Tusipoona kirusi, mabwawa manne yamepona kwa mkupuo. Tukikiona, ndipo tunarudi kupima moja baada ya jingine."

"Mkiwa na mabwawa manne, hapo kwenye nambari ya bwawa mnajaza nini?"

"Panakubali nambari moja tu. Tunaweka ya kwanza kwenye orodha, halafu kwenye maelezo tunaandika kwamba ni mchanganyiko wa bwawa la kwanza mpaka la nne. Ndivyo wanavyofanya wote hapa, nami niliukuta mtindo huo."

"Na hapa maelezo hayapo."

"Yamefutwa. Siku ile niliingiza mistari mia mbili na kumi na mbili. Fungua wowote utakao, utaona maelezo."

Inspekta alifungua. Hakufungua mmoja, alifungua sitini, huku akipiga mstari daftarini kwa kila mmoja. Yote ilikuwa na maelezo, yameandikwa kwa unadhifu wa mtu anayeipenda kazi yake. Kisha akaomba rejista ya karatasi. Humo, kwa mwandiko wa binti, siku ile ile, paliandikwa: bwawa 1 hadi 4, kirusi kimeonekana.

"Mbona hamkurudi kupima mojamoja?"

"Mchana wa siku ile nilisafiri kwenda mafunzo ya wiki mbili. Nilijua nikirudi nitapima. Kesho yake idara wakaona kitone, wakaenda shambani na chokaa. Wakaua kamba wa mabwawa yote kumi na mawili, wakasema mlango wa ugonjwa umeshajulikana." Aliifunga rejista. "Mafunzo sikuyamaliza. Niliitwa kuzika."

"Hukumpigia baba simu ukiwa huko?"

"Kila siku. Aliniambia kazi inaendelea vizuri. Mambo ya chokaa nimeyajulia msibani."

Inspekta hakuandika hilo. Aliuliza nani mwingine aliigusa kompyuta siku ile. Binti alikuna kiganja, akasema kwamba meneja wa shamba ndiye aliyeleta sampuli asubuhi hiyo, na alimwachia kompyuta wazi achapishe barua yake huku yeye akifunga mizigo. Meneja na marehemu walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mara mbili meneja aliamuru maji yaingizwe haraka bila kupitishwa kwenye nyavu zote, na mara mbili mzee alikalia lango akakataa kubanduka.

"Walimwita Mzee Chujio," binti alisema. "Alisema kaa mdogo kama ukucha anatosha kuleta ugonjwa. Nyavu sita, afande! Wenzake walikuwa na tatu."

*

Shambani mabwawa kumi na mawili yalikuwa makavu na meupe kwa chokaa. Mashine za kutia hewa zilikuwa zimepandishwa ukingoni, zimefunikwa magunia. Chini ya kipaa cha mabati walikaa watunza mabwawa wakikunja kamba za nyavu, wakisubiri kuambiwa kama bado wana kazi.

"Habari za kazi?"

"Kazi ipi, afande?" alijibu mtunza bwawa la tatu, mwanamume mwenye kofia ya sufu. "Chujio lilivuja."

Wawili watatu walicheka, kicheko cha watu waliochoka. Ilionekana ni utani waliourudia mpaka ukaisha ladha. Inspekta aliwapita akaingia ofisini kwa meneja.

"Ulichapisha nini maabara siku ile?"

"Barua ya kuagiza chakula cha kamba. Nakala hii hapa, na saa imo."

Saa ilikuwamo: saa tano na dakika arobaini asubuhi. Inspekta aliinakili.

"Marehemu ulimchukia?"

"Alinisumbua. Kuchukia nako ni kazi, afande, na mimi tayari nina mabwawa kumi na mawili." Aliangalia dirishani, akajisahihisha. "Nilikuwa nayo."

"Nasikia kitone kile kilikufaa. Mtu aliyekukatalia mbele za watu ameumbuka mwenyewe."

"Kilinifaaje, na shamba zima limekufa? Ningekuwa na la kufuta, ningefuta hicho kitone chenyewe." Alifungua kabati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili. "Tena mimi ndiye niliyemwambia apinge. Mtunza bwawa ana siku kumi na nne za kuomba kipimo kirudiwe. Nilimpa fomu, akaijaza yote hapo ulipokaa. Kabla hajatia sahihi akaniomba nimwonyeshe ule ukurasa kwenye kioo kikubwa. Akausoma mpaka chini. Kisha akairudisha fomu namna hiyo."

Fomu ilikuwa imejazwa kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma ukubwani. Katikati ilikatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Penye nafasi ya sababu paliandikwa: NIMEGHAIRI. NAMWAMINI ALIYEPIMA.

"Alijua ni nani aliyepima?"

"Ishirini na tisa? Alituchosha na nambari hiyo! Mzee yule simu yake ilikuwa na kazi mbili tu, kumpigia bintiye na kufungua ukurasa ule. Ishirini na tisa ikitokea, tutaitwa wote: hiyo ya mwanangu, hiyo ya mwanangu."

"Na fomu hii wewe uliielewaje?"

"Amekiri, afande. Maana alipotoka hapa alikwenda kushusha nyavu zake zote sita, akaanza kutafuta tundu. Siku nane. Hali, hasemi na mtu, anapapasa wavu jicho kwa jicho. Asiye na kosa anatafuta tundu la nini?"

"Alilipata?"

"Hakulipata. Tulimkuta na wavu wa sita mapajani."

Inspekta aliomba aonyeshwe nyavu. Zilikuwa stoo, zimetupwa juu ya mifuko ya chokaa. Goti lilimuuma kuchuchumaa lakini alichuchumaa. Kila baada ya pima moja palifungwa uzi mwekundu mfupi, alama ya mahali alipokwisha kukagua. Alizifuata nyuzi kwa vidole, wavu baada ya wavu, mpaka uzi wa mwisho, na baada ya huo palibaki kipande cha mikono miwili ambacho mzee hakukifikia. Alikikagua yeye. Hakikuwa na tundu. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi la chokaa.

*

Msimamizi wa hifadhidata alipatikana kwa simu saa sita, akitafuna kitu.

"Kufuta?" alisema. "Mama yangu, humu mtu hafuti. Ukifuta neno, tunaweka kumbukumbu kwamba umelifuta, saa ngapi na kwa kompyuta ipi. Mimi ni kama mke wa kwanza, nasamehe lakini sisahau."

"Nisomee kumbukumbu za mstari huu, basi." Alimtajia nambari.

Alisikia vidole vikigonga.

"Umeingizwa na mpimaji ishirini na tisa, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi. Mabadiliko: hakuna. Haujaguswa tangu siku hiyo."

"Maelezo hayakuwahi kuandikwa?"

"Hayakuwahi. Ulikuwa mstari wa mwisho wa siku ile, wa mia mbili na kumi na mbili. Mmoja kabla yake una maelezo. Huu hauna."

"Na kwenye ramani, mtu anayaona maelezo?"

"Ramani inasoma nambari ya bwawa tu, mama. Inaweka kitone pale inapoambiwa. Ila idara wakiufungua mstari wanayasoma, na ikiwa ni mchanganyiko wanasubiri." Aliacha kutafuna. "Kuna shida?"

"Shida ilikwishapita," Inspekta alisema, akakata.

*

Alirudi maabara wiki moja baadaye, saa tisa. Mkononi alikuwa na bahasha kutoka maabara nyingine, ya mbali, ambako siku ile ya kwanza alikuwa ametuma chupa nne ndogo alizozikuta kwenye jokofu. Miguu ya kamba wa kila bwawa, iliyobaki kabla ya kusagwa pamoja, ilikuwa imehifadhiwa humo ndani ya spiriti. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuzipima, maana baada ya chokaa watu hawaoni sababu ya kuuliza.

"Kaa, mwanangu," alisema, na binti alipoitwa mwanangu alikaa haraka.

Inspekta aliweka karatasi mezani. Bwawa la kwanza, salama. La pili, salama. La tatu, kirusi. La nne, salama.

Binti alisoma mara mbili. Kisha akafunika uso, akalia kwa sauti, na ndani ya kilio mlikuwa na furaha. "Nilijua! Nilijua baba yangu hawezi. Nyavu sita! Nilijua mimi." Alijifuta kwa mkono wa koti. "Kwa hiyo umempata? Ni meneja?"

"Meneja alichapisha barua saa tano na dakika arobaini. Mstari uliingizwa saa tano na dakika kumi na mbili, na haujaguswa tena mpaka leo."

"Basi nani alifuta?"

"Hakuna aliyefuta."

"Haiwezekani. Mimi huandika kila mara."

"Mara mia mbili na kumi na moja uliandika. Huo ulikuwa wa mwisho. Basi lako liliondoka saa ngapi?"

Binti alitazama kompyuta, kisha mlango, kisha vidole vyake mwenyewe.

"Saa sita," alisema.

Jokofu lilikoroma. Inspekta aliwahi kuwaona wauaji wakikiri, na wengine walikiri huku wakiomba chai. Hakuwahi kumwona mtu akifika mahali kama hapa, na alitamani angekuwa amempa jalada mtu mwingine.

"Sikuandika," binti alisema taratibu. "Nilisema nitaandika nikikaa kwenye basi. Kwa simu. Basi likajaa, nikalala." Aliikamata karatasi ya majibu. "Lakini yeye alikuwa na siku kumi na nne! Alijua bwawa lake ni safi. Mbona hakupinga? Mbona hakuniambia? Ningerekebisha kwa dakika moja."

Kuficha kuliwezekana. Inspekta alilifikiria hilo kwa muda wa kuvua miwani na kuivaa tena. Kisha akatoa fomu, akaikunjua mbele yake.

Binti alisoma. Aligusa herufi kubwa moja moja, hasa ile M iliyopinda ambayo huenda yeye ndiye aliyemfundisha.

"Alidhani akipinga nitafukuzwa," alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo. Kisha nikaziona nyavu zake. Alizikagua siku nane, mwanangu, pima kwa pima. Anayekulinda wewe tu hapotezi siku nane kutafuta tundu. Alikuwa analitafuta kweli."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema lipo."

Kilio kilichotoka safari hii hakikuwa na sauti. Aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, na Inspekta, ambaye kwa kawaida hagusi watu wa kwenye jalada, aliweka mkono mgongoni kwake akauacha hapo.

Muda ulipita. Binti aliinua kichwa.

"Nitashtakiwa?"

"Hakuna jinai hapa. Naweza kufunga jalada kwa mstari mmoja: kasoro ya kumbukumbu. Jina lako lisiwemo. Majibu ya kipimo yatamsafisha baba yako, na watu hawatauliza zaidi. Watu hawaulizi, umeshaona."

Binti alivuta kompyuta. Ukurasa wa kusahihisha ulitaka vitu vitatu, nambari mpya ya bwawa, sababu, na jina kamili la anayesahihisha. Aliandika tatu. Penye sababu aliandika: Kosa la mpimaji. Mtunza bwawa la kwanza hakuhusika. Kisha akaandika jina lake lote, pamoja na la baba, bila kufupisha.

Kwenye ramani kitone kilihama kidogo sana, umbali ambao kidole kingeufunika.

"Wale watunza mabwawa hawafungui ukurasa huu," alisema. "Aliyekuwa akiufungua ni mmoja tu. Nipeleke, afande."

*

Waliwakuta bado chini ya kipaa cha mabati. Walipomwona binti wakaacha kuongea, wawili wakageuka upande. Meneja alitoka akasimama mlangoni pa ofisi yake. Inspekta alibaki nyuma karibu na gari, kwa sababu maneno haya hayakuwa yake.

"Shikamooni, baba zangu."

Waliitikia wachache.

"Nimekuja kusema jambo moja, kisha niende. Baba yangu hakuwaletea ugonjwa. Bwawa lake lilikuwa safi mpaka siku ya chokaa. Mimi ndiye niliyepima, na mimi ndiye niliyeandika vibaya. Niliandika bwawa moja badala ya manne, nikapanda basi. Ugonjwa ulikuwa bwawa la tatu. Kama mna hasira, ni yangu."

Aliyekuwa akikunja kamba aliacha. Mtunza bwawa la tatu alivua kofia ya sufu. Alikuwa na upara ambao bila shaka wenzake walikuwa wakimtania, lakini leo hawakuwa na moyo huo.

"La tatu?" aliuliza.

"La tatu, baba. Si kosa lako pia. Hukujua."

"Mimi ndiye niliyeanzisha," alisema mwanamume yule, akiwageukia wenzake kana kwamba hawajui. "Ule utani wa chujio ni mimi nilianzisha. Alikuwa amekaa hapo karibu na wavu wake. Alinisikia." Aliikunja kofia, akaikunjua. "Akaniuliza kama nina sindano ya ziada ya kushonea, yake imekatika. Nikamwambia akamwombe kaa."

Alisubiri labda mtu amtetee. Walikuwa wameinamisha nyuso. Mwishowe alimsogelea binti akasimama mbele yake, mtu mzima, mikono haijui pa kukaa.

"Mwanangu," alisema, "sisi hatukuja. Hata mmoja wetu hajui kaburi lake liko upande gani. Tupeleke."

Binti aliitikia kwa kichwa. Wakainuka mmoja mmoja, wanaume kumi na mmoja, wakajipangusa chokaa kwenye suruali, na meneja akafunga ofisi akawafuata. Inspekta alifungua milango yote minne ya gari lakini hawakulitaka. Wakaenda kwa miguu, binti akiwa mbele, na yeye akaendesha polepole nyuma yao.